Gari Lililoota Kuvu Ndani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukifungua mlango wa gari la mkono wa pili ukapokewa na harufu ya godoro lililonyeshewa, usianze na bei. Anza kwa kuuliza maji yaliingilia wapi. Kuvu haioti pasipo unyevu, na chanzo cha unyevu huo ndicho kitakachokuambia kama hilo gari ni la kupunguziwa bei au la kukimbiwa.

Muuzaji atakuambia: "Lilikaa tu bila kuendeshwa. Jua la siku mbili litamaliza." Kuna chembe ya ukweli hapa. Gari likioshwa ndani kwa maji mengi, kisha likafungwa vioo likiwa bichi, kwa joto la Kisumu litaota kuvu hata kama halivuji popote. Kuvu ya namna hiyo huwa nyepesi, kama unga, kwenye usukani, mikanda na ngozi ya siti. Hiyo inafutika.

Kapeti ikiwa mbichi, mambo ni mengine. Chini yake kuna sponji nene inayoweza kushika maji kwa wiki nyingi, na jua hukausha uso tu. Kupapasa kwa kiganja hakutoshi. Bandua plastiki ya kizingiti cha mlango (imeshikwa kwa klipu), pitisha mkono chini ya kapeti mpaka uguse bati, kisha bonyeza sponji kwa tishu kavu. Rudia pembe zote nne na ndani ya buti, pale spea inapolala. Tishu ikitoka imerowa siku ambayo haijanyesha, muuzaji ana maelezo ya kutoa.

"Ni upande wa abiria tu, mtu alisahau kioo wazi." Huenda. Ila magari mengi yanayotoka Japani yana kisanduku cha kiyoyozi nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Hewa ikipoa hapo hutoa maji, nayo hushuka kwa kipaipu kidogo hadi nje, chini ya gari. Kipaipu kikizibwa na vumbi na majani, maji hurudi ndani na kumwagikia kapeti. Jaribu hivi: washa kiyoyozi kwa dakika 15 hewa ikiwa ya joto, kisha chungulia chini. Usipoona hata tone, na kapeti ya abiria ni mbichi, umeshampata mwizi. Fundi hukizibua kwa upepo wa kompresa, kazi ndogo kabisa.

Kabla hujafurahi, sugua ule unyevu kwa vidole viwili. Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala utelezi. Ukiona rangi, utelezi na harufu tamutamu, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye kipasha joto, na mara nyingi kukibadilisha hulazimu dashibodi kung'olewa. Bei inabadilika hapo hapo.

Vyanzo vingine ni raba ya kioo cha mbele, mifereji iliyo chini ya wipa (huzibwa na majani gari likilala chini ya mti), karatasi ya plastiki iliyochanika ndani ya mlango, na raba za taa za nyuma. Mtu mmoja akae ndani na tochi huku mwingine akimwagilia maji kwa mpira, akianzia chini ya kioo na kupanda polepole. Ukianza na paa hutajua yanaingilia wapi.

"Halikuzama, ona logibuku ni safi." Rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, zitakuonyesha mwenye gari na kama lina deni. Hazina habari za mafuriko. Kwa magari yaliyozunguka sehemu za mafuriko kama Ahero, Nyando au Budalang'i, au yaliyopitia mafuriko ya masika ya 2024, kagua mwenyewe. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa: kile kipande cha mwisho hukaa ndani ya roli, na waoshaji wengi hawakifikii. Mstari wa tope hapo hauna utetezi. Angalia kutu kwenye bolti na springi chini ya siti, na tope ndani ya taa. Washa swichi: taa ya airbegi iwake kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliyeichokora. Nyaya nyingi hupita chini ya kapeti, na soketi zikishaingia maji huliwa na kutu taratibu, kwa hiyo gari linaweza kukutembeza vizuri miezi kadhaa kabla ya kuanza vituko. La mafuriko liache, hata likiwa la bei ya bure.

"Jiki huua kila kitu." Dawa hiyo ya klorini ya kung'arishia nguo haifiki ndani ya kitambaa na sponji, hupausha rangi, hudhoofisha mikanda na kuchochea kutu. Ukiichanganya na siki, inatoa gesi ya sumu. Manukato nayo hufunika tu, na mashine ya ozoni haiondoi kuvu iliyolala kwenye sponji.

Usafishaji wa kweli huanza baada ya kuziba chanzo. Ondoa waya wa betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uchomoe soketi za njano chini ya siti, maana ni za airbegi. Toa siti, inua kapeti. Sponji inayonuka itupwe. Vaa barakoa ya N95, pulizia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha saa moja, sugua, kausha kwa feni siku mbili, badilisha na chujio la hewa nyuma ya droo ya dashibodi. Mwenye pumu nyumbani asipewe kazi hii.

Weka gharama ya kazi hiyo kwenye majadiliano ya bei, na kapeti iinuliwe muuzaji akiwapo. Akikataa isiinuliwe, mrudishie ufunguo.