Je, wajua kwa nini Crown Victoria haifi mapema?

Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari Mombasa, na kila tukipigiana simu huniuliza swali lile lile: "Ile jahazi yako bado yatembea?" Jahazi ni Mercury Grand Marquis ya mwaka 2005 ninayoiendesha hapa Ohio, Marekani. Ina urefu wa zaidi ya mita 5.3, mbele wanakaa watu watatu kwenye kiti kimoja kirefu kama benchi, na gia imekaa pale pale kwenye usukani. Bado yatembea, na si kwa bahati.

Pengine jina la Grand Marquis hulijui, lakini ndugu yake umeshamwona kwenye filamu: Ford Crown Victoria, gari ya polisi wa Marekani na teksi ya njano ya New York. (Si Crown ya Toyota. Hiyo ni habari nyingine.) Ndugu wa tatu ni Lincoln Town Car, gari ya kupeleka wakubwa uwanja wa ndege. Wote watatu walijengwa juu ya chasisi moja ambayo Ford waliiita Panther. Ilianza na magari ya mwaka 1979 na ikaisha 2011. Teksi nyingi za aina hii zilivuka kilomita 400,000 kabla ya kustaafishwa.

Ingia chini ya gari na jibu la kwanza utaliona kwa macho. Gari nyingi za saluni za leo hazina chasisi, bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Hii imejengwa kama Land Cruiser: fremu nzito ya chuma chini, bodi imefungwa juu yake kwa bolti, katikati kuna mipira ya kunyonya mtikisiko. Nyuma kuna difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu) na ekseli moja nzima kama ya pikapu. Polisi akipanda ukingo wa barabara akimfukuza mtu, kishindo kinapokelewa na fremu. Teksi ikigongwa, fenda inafunguliwa kwa spana, inafungwa nyingine, na gari inarudi kazini.

Injini nayo ni mvivu wa makusudi. Ni V8, yaani silinda nane, ya lita 4.6, bloku ya chuma cha kalibu, na taiming yake (inayopanga valvu zifunguke kwa wakati) ni ya cheni, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda. Hata ile ya polisi ya miaka ya mwisho ilitoa nguvu za farasi 250 tu. Siku hizi injini ndogo ya lita 2 yenye tabo inatoa hizo hizo, ila inazitoa kwa jasho. Yangu ikiwa barabara kuu kwenye kilomita 110 kwa saa, mshale wa mizunguko haufiki 2,000 kwa dakika. Ni kama mpagazi aliyezoea gunia la kilo mia aliyebebeshwa kikapu cha mchicha.

Kuna ujanja mmoja ambao mjomba alikataa kuuamini hadi nilipomwelezea mara mbili. Maji ya rejeta yakiisha na injini ikachemka kupita kiasi, kompyuta inakata petroli kwenye baadhi ya silinda kwa zamu. Silinda zilizokatiwa zinaendelea kuvuta na kutoa hewa tupu, na hewa hiyo inazipoza. Gari inakosa nguvu kabisa, lakini inakutoa katikati ya barabara kabla silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, haijapinda.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: gari hii haikubadilishwa sana. Chevrolet walipoacha kutengeneza Caprice mwaka 1996, Ford walibaki karibu peke yao kwenye soko la saluni kubwa za polisi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hakukuwa na haja ya kuhangaika na mitindo. Spea za gari moja zikaingia kwenye ya miaka mingi mbele, na zikajaa kila mahali kwa bei ya kawaida. Alteneta, ile inayochaji betri, imekaa juu kabisa mbele ya injini. Niliibadilisha mwenyewe kwenye maegesho ya nyumbani, bolti chache na mkanda mmoja, chai ikiwa bado ya moto. Jaribu kufanya hivyo kwenye gari ya kisasa ambayo lazima kwanza uvue bampa.

Ila tusiipambe. Sehemu ya sifa hii ni ya watunzaji, si ya kiwanda. Injini huumia zaidi inapowashwa ikiwa baridi, na teksi ya New York ilikuwa ikipokezana madereva usiku na mchana, haipati nafasi ya kupoa. Oili ilibadilishwa kwa ratiba kwa sababu gari iliyosimama haileti hela. Mpe mtu mzembe gari hiyo hiyo, aiue.

Na ina magonjwa yake. Magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa na manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda) ya plastiki iliyopasuka pale mbele maji ya rejeta yanapopita. Tangi la petroli liko nyuma ya ekseli, na kuna askari waliokufa kwa moto baada ya kugongwa kwa nyuma kwa kasi. Ford baadaye waliweka kinga kwenye magari ya polisi. Mafuta je? Mjini haifiki hata kilomita 7 kwa lita. Adui mkuu huku kwetu lakini ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Paipu ya breki yangu ililiwa na kutu hadi ikatoboka, pedali ikazama chini nikiwa, nashukuru, natoka tu kwenye maegesho. Injini haikuwa na habari yoyote.

Crown Victoria ya mwisho ilitoka kiwandani karibu na St. Thomas, Kanada, tarehe 15 Septemba 2011, na ilikuwa ya kwenda Saudi Arabia. Waarabu wa Ghuba waliipenda mno: joto kali, barabara ndefu, petroli rahisi.

Majuzi mjomba akaniuliza kama naweza kumtumia moja Mombasa. Nikamkumbusha kwamba usukani uko kushoto, na Kenya haipokei magari yaliyopita miaka minane. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nitumie hiyo injini."