Unataka aksoloti Kisumu? Anza na thamometa, tanki baadaye

Vijana wengi wa Kisumu wanatuuliza kuhusu aksoloti, yule mnyama wa majini mwenye vishungi kichwani na mdomo kama anacheka, na swali huwa ni tanki saizi gani. Hapa kwetu swali la kwanza ni joto. Huyu si samaki, ni jamii ya salamanda, amfibia wenye mkia, ndugu wa chura, kwao ni Xochimilco kule Mexico City, juu zaidi ya mita 2,200, na maji anayotaka ni ya nyuzi 16 mpaka 18. Kwa 20 bado anavumilia, zikipita 24 anakataa chakula na anaanza kuugua. Sasa Kisumu mchana nje ni 29, 30. Nakuru ni afadhali, usiku kuna baridi, lakini pia huko mchana uchunge.

Kwa hivyo kabla hujanunua mnyama, weka ndoo ya maji pale tanki litakaa, tia thamometa, soma alfajiri na saa tisa mchana wiki nzima. Chumba cha mawe mbali na dirisha na chumba cha mabati havitakupa namba moja. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi chache kwa sababu maji yanayovukiza yanaondoka na joto, ila hewa ikiwa na unyevu mwingi, na ya huku ziwani tunaijua, haisaidii sana. Chupa zilizogandishwa kwa friza ni za siku moja moja tu, maana joto kupanda na kushuka ghafla nalo linamuumiza. Dawa kamili ni chila, mashine ya kupoza maji, na ni ghali, alafu stima ikipotea nayo inazima. Mimi nasema wazi, kama namba zako ni 26 na chila huwezi, achana na hii mambo, fuga gapi, wale samaki wadogo wa rangi rangi, hao joto ndio raha yao.

Namba zikikubali, tafuta tanki la lita 75 hivi kwa mmoja, liwe refu na pana kuliko kwenda juu, kwa sababu anatembea chini na anafika sentimita 25 hata 30. Kokoto usiweke kabisa! Anakula kwa kufyonza, zinaingia tumboni zinaziba. Acha chini patupu ama mchanga laini, kipande cha paipu ya kujificha kwa sababu hana kope na taa kali inamsumbua, filta ya sponji isiyosukuma maji kwa nguvu, na kifuniko, anaruka huyu.

Filta ianze kufanya kazi wiki 4 mpaka 8 kabla hajaingia, huku unatia amonia kidogo, ile sumu inayotoka kwa uchafu wa mnyama, ili bakteria wazoee kuigeuza kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, halafu naitreti isiyo kali sana. Akiingia, amonia na naitraiti zisome sufuri. Maji ya mfereji yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwanza, na kila wiki badilisha kama robo.

Chakula ni nyungunyungu, zile za chambo, za shamba lisilopigwa dawa. Omena kavu achia ugali. Samaki usichanganye naye, watamdonoa vishungi.

Biashara ya aksoloti kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hapa Kenya KWS, shirika la wanyamapori, ndio wanashughulikia, kwa hivyo muuzaji akuonyeshe vibali. Na ukichoka naye usimwachilie ziwani wala mtoni, tafutia mtu mwenye tanki baridi.