Sindano ya askari majeruhi: yanayosemwa vijiweni na ukweli wake

Tangu picha za vita vya Ukraine zianze kuzunguka kwenye simu, vijiwe vya bodaboda hapa Bagamoyo havikosi mtu wa kueleza kwamba majeshi ya mataifa makubwa yana sindano ya siri: askari anapigwa risasi, anachomwa, damu inakata, anaendelea kupigana. Uvumi huu unanikera, kwa sababu wanaousikiliza ndio hao hao wanaofika wa kwanza pikipiki inapogongana na lori barabara ya Msata. Anayesubiri dawa ya miujiza hajifunzi kukandamiza kidonda.

Dhana: Akichomwa tu, damu inakata

Hakuna dawa inayofanya hivyo. Iliyothibitishwa kusaidia inaitwa asidi ya traneksamiki, wauguzi huiita TXA. Mtu akiumia, damu huganda ili kuziba palipochanika. Jeraha likiwa kubwa, mwili huanza kuyayeyusha mabonge hayo kabla ya wakati, na TXA huzuia kuyeyuka huko. Haishoni mshipa wala hairudishi damu iliyokwisha kumwagika. Mshipa wa paja ukikatika, sindano peke yake haifui dafu.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa CRASH-2, uliohusisha majeruhi 20,211 katika nchi 40. Kati ya waliopewa TXA walifariki asilimia 14.5, kati ya waliopewa dawa isiyo na kitu, asilimia 16. Tofauti hiyo ni kama mtu mmoja na nusu katika kila majeruhi mia, na kwa dawa ya bei nafuu ni roho nyingi sana.

Jambo zito zaidi lilitoka mwaka uliofuata, takwimu hizo zilipochambuliwa kwa kufuata muda. Waliochomwa ndani ya saa moja tangu kuumia walinufaika kuliko wote. Waliochomwa baada ya saa tatu walikufa zaidi kwa kuvuja damu kuliko wasiopewa kabisa. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile, kilichobadilika ni saa. Ukisikia mtu anaisifia sindano bila kutaja muda, bado hajaielewa.

Dhana: Ni siri ya jeshi

TXA ilitokana na kazi ya Utako Okamoto na mumewe Shosuke, watafiti wa Japani, mwaka 1962. Mama huyo alikuwa akienda maabara na mtoto mgongoni, na shauku yake ilikuwa kuwaokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Madaktari wa kwao hawakukubali kuijaribu kwa wazazi, na jibu kamili lilichelewa hadi 2017, kupitia utafiti wa WOMAN uliohusisha wanawake 20,060. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 21 zilizoshiriki. Dawa ilipunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ilipotolewa ndani ya saa tatu, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike hivyo. Kwa hiyo dawa inayosimuliwa kijiweni kama silaha ya siri, mahali pake ni wodi ya wazazi pia.

Dhana: Wana dawa ya kumlaza majeruhi kama mfu, aamshwe akifika hospitali

Hapa kuna chembe ya ukweli. DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lilitangaza mwaka 2018 mpango wa Biostasis: kupunguza kasi ya kazi za mwili ili majeruhi apate muda wa kufikishwa kwa daktari. Kabla ya hapo, mwaka 2005, watafiti walionyesha kwamba panya waliovuta gesi ya salfidi ya hidrojeni walipoa na kupunguza sana matumizi ya oksijeni, kisha wakarudi katika hali yao. Furaha ilikuwa kubwa. Ilipojaribiwa kwa kondoo na nguruwe, haikuleta matokeo hayo. Umbali kati ya panya na binadamu umeshazika dawa nyingi, na mpaka sasa hakuna ya namna hii iliyoidhinishwa kwa majeruhi wa vita.

Damu bandia nayo haijatimiza ahadi. Iliyoitwa PolyHeme ilijaribiwa Marekani kwa majeruhi wapatao 720, ikashindwa kuonyesha ubora juu ya matibabu ya kawaida. Damu ya kuchangiwa na watu bado haina mbadala.

Dhana: Askari ndio wanaofanyiwa majaribio yote

Walioshiriki CRASH-2 ni majeruhi waliofikishwa hospitali za kawaida, na WOMAN ni akina mama. Lakini woga huu sitaubeza. Wakati wa vita vya Ghuba, 1990 hadi 1991, jeshi la Marekani liliruhusiwa kuwapa askari tembe za piridostigmini za kujikinga na sumu ya neva bila ridhaa yao, ingawa kwa kazi hiyo zilikuwa bado za majaribio. Sheria ya 1998 ikaweka uamuzi wa namna hiyo mikononi mwa rais peke yake. Na kwa PolyHeme, majeruhi wasiojitambua waliingizwa bila kuulizwa. Asiyetaka alipaswa kuvaa bangili ya kukataa kabla hajaumia.

Wazazi wa Bagamoyo na Korogwe ambao watoto wao walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S wanajua utaratibu ulivyo: unaelezwa, unauliza, ndipo unatia saini. Aliyezimia kwa kupoteza damu hawezi hayo yote, ndiyo maana kamati za maadili lazima ziwe kali zaidi kwake.

Dhana: Ukifunga mguu kwa kukaza, utakatwa

Mkanda maalumu wa kuzuia damu, ukikazwa vizuri kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya kidonda chenyewe, kwa kawaida huvumilika hadi saa mbili. Katika vifo vya askari wa Marekani waliofia vitani kabla ya kufikishwa hospitali kati ya 2001 na 2011, vile vilivyoonekana vingeweza kuzuilika, asilimia 91 vilitokana na kuvuja damu.

Kama huna mkanda, kunja khanga iwe nene, iweke juu ya kidonda, kandamiza kwa viganja viwili na uzito wa mwili. Usifunue kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Unga wa kahawa na majivu viacheni jikoni. Na angalia saa ajali ilipotokea, umtajie muuguzi mapokezi, maana zile saa tatu za TXA zinahesabiwa kuanzia hapo.