Opera ya vichekesho Mombasa: yanayosemwa na yalivyo

Kampuni ndogo ya maigizo ikitangaza opera ya vichekesho, yaani mchezo wa kuchekesha unaoimbwa, hapa Mombasa, wanaokwenda huwa aghalabu ni wanakwaya, walimu wa muziki na jamaa za waimbaji. Wengine husema "hiyo si yetu" na kupita zao. Sababu wanazotoa nyingi ni za kusikia tu, ingawa moja mbili zina ukweli ndani yake.

"Opera ni kulia na kufa jukwaani."

Zipo za namna hiyo. Opera ya vichekesho imeshika njia nyingine: mjakazi anamzunguka bwana wake mpaka akamuoa; kinyozi anawasaidia wapenzi wawili kumzidi maarifa mzee anayemfungia binti ndani; hakimu anachoshwa na kesi ya posa iliyovunjwa, kisha anaimaliza kwa kumuoa mlalamishi yeye mwenyewe. Hiyo ya hakimu ni Trial by Jury ya Waingereza wawili, Gilbert aliyeandika maneno na Sullivan aliyetunga muziki, ya mwaka 1875. Mwaka huohuo, ukumbi wa Opéra-Comique mjini Paris, ambao jina lake lenyewe ni "opera ya vichekesho", ulifungua Carmen, ambayo mwishowe mwanamke anauawa kwa kisu. Soma muhtasari kabla ya kuwachukua watoto.

"Sitaelewa neno."

Kampuni ndogo mara nyingi huchagua kazi za Kiingereza, au hutafsiri, kwa sababu kichekesho kisichoeleweka kimekufa. Hata hivyo yapo maneno yatakayokupita. Gilbert alipenda nyimbo za kasi ambazo mwimbaji humwaga maneno bila kuvuta pumzi, na hata watazamaji wa London walikuwa wakinunua kijitabu cha maneno ili wafuatilie. Kwa hivyo nunua programu, usome kisa chote ukingali nje kwenye mwanga. Kujua mwisho hakuharibu kitu. Raha yenyewe ni kuona watafikaje.

"Bila okestra kubwa hayo ni mazoezi tu."

Hii ndiyo dhana inayozikosesha kampuni ndogo watu wengi, na historia inaikataa. Mwaka 1733, mjini Naples, mtunzi Pergolesi alitoa La serva padrona, ile ya mjakazi niliyoitaja. Watu jukwaani ni watatu, na mmoja wao hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Haifiki saa moja. Ilichezwa vipande viwili katika mapumziko ya opera nyingine nzito, ya Pergolesi huyohuyo, ili watu wapate kucheka. Leo ile nzito haitajwi ila kwa sababu ya hiki kichekesho kilichochomekwa katikati yake. Mtu aliyewahi kuona maonyesho ya vikundi vya Tanzania kama Muungano au TOT (Tanzania One Theatre), taarabu ikifuatwa na kichekesho na kichekesho kikifuatwa na ngoma, hatashangaa.

Kwa hivyo ukikuta piano moja kando ya jukwaa badala ya wapiga fidla thelathini, usidhani umepunjwa. Piano haimfuniki mwimbaji, na katika kichekesho maneno ndiyo mali. Tatizo la kweli Mombasa ni unyevu. Ubao wa piano hufura, nyuzi zikakazika, na sauti ikahama mahali pake. Piano iliyowekwa sawa wakati wa kaskazi haiwezi kuaminiwa kusi ikiingia. Halafu kuna feni. Ukumbi usio na viyoyozi una shauri gumu: feni zizimwe watu wasikie, au ziwashwe watu wapumue? Mimi ningekaa viti vya mbele.

"Wanapiga makelele tu."

Masikio yetu yamezoea maiki. Mwimbaji wa opera haitumii, na sauti yake lazima ifike kiti cha mwisho. Anachofanya hasa si kupaza. Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde; mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, hukusanya nguvu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo vyombo vimepungua na sikio la binadamu ni kali. Anapita palipo na nafasi. Ndiyo maana sauti inaweza kukufikia wazi bila kukuumiza. Ukumbi mdogo uliofungwa, kama wa Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja, unasaidia zaidi kuliko uwanja wa wazi, ambao hauna ukuta wa kuirudisha sauti.

"Ni mambo ya Wazungu, tena matajiri."

Asili yake ni Ulaya, hilo halina ubishi. Utajiri ndio wenye mjadala. Mwaka 1728 John Gay alitoa The Beggar's Opera mjini London, akawaimbisha wezi na walinzi wa jela, na nyimbo nyingi alizichukua kwenye mahadhi ambayo watu wa mitaani walikuwa wanayajua, akayavika maneno mapya. Mombasa kazi hiyo tunaifahamu vizuri: Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili, na watu wakampenda. Die Zauberflöte ya Mozart nayo ilifunguliwa mwaka 1791 katika ukumbi wa kiungani mwa Vienna, si kwenye jumba la mfalme, na aliyeandika maneno yake, Schikaneder, ndiye aliyecheza mtega ndege mropokaji wa kisa hicho. Kenya pia ina opera zake. Ondieki the Fisherman ya Francis Chandler ni mojawapo.

Lakini mbona kampuni ndogo hurudia kazi za Gilbert na Sullivan? Jibu kubwa ni pesa. Kampuni ya maigizo ya D'Oyly Carte ilishikilia haki za kazi hizo Uingereza hadi mwisho wa 1961. Siku hizi hakuna wa kulipwa. Matokeo yake tunaletewa The Mikado, iliyoanza 1885, ambapo Waingereza wanajicheka wenyewe wakiwa wamevaa maleba ya Kijapani. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza yenyewe iliisimamisha kwa muda kwa sababu mwanamfalme wa Japani alikuwa anakuja ziara. Kwa maoni yangu nyimbo zake ni tamu na mzaha wake umechacha. Mtu asiyeupenda ana haki yake, na hana haja ya kuona haya.

Kuhusu mavazi: kanzu, dera, shati safi. Kwa joto hili, tai ni adhabu ya kujitakia.

"Ni lazima ukae kama uko msikitini."

Cheka. Waigizaji wanakusubiri ucheke, na wazuri husimama kidogo ili kicheko kipite. Makofi hupigwa wimbo unapokwisha. Huko Roma mwaka 1816, usiku wa kwanza wa ile opera ya Rossini ya kinyozi, watazamaji walizomea mpaka mwisho. Usiku wa pili walishangilia. Watu hawa hawakuwa mabubu.

Jambo moja tu la taarabu liache nyumbani, nalo ni kutunza. Hata sauti ikupandishe mori vipi, usiinuke na noti kumfuata mwimbaji jukwaani katikati ya wimbo. Ukitaka kutoa, kampuni hizi mara nyingi huchangisha za maleba na kodi ya ukumbi, ulizia mlangoni.

"Saa moja maana yake saa mbili."

Kwenye harusi, ndiyo. Hapa muziki wa utangulizi unaanza kwa wakati, mlango unafungwa, na aliyechelewa husubiri nje mpaka wimbo wa kwanza uishe.