Breki za SUV za kisasa: dhana potofu katika malalamiko ya wenye magari

Mwenye gari akisema kwamba breki za SUV yake ni mbovu, huenda anazungumzia pedali inayozama, usukani unaotetemeka, kelele ya chuma kusaga chuma, au gari lililojifunga breki lenyewe katikati ya barabara. Matatizo hayo yana vyanzo tofauti kabisa, lakini malalamiko yakikusanywa huwekwa kapu moja, na fundi naye mara nyingi huyajibu yote kwa dawa moja, yaani kubadilisha pedi. Katika magari ambayo breki zake huamriwa pia na rada, kamera na kompyuta, dawa hiyo haifui dafu kama zamani.

Dhana: malalamiko yakiwa mengi, kasoro imekwisha kuthibitika

Nchini Marekani mtu yeyote anaweza kuwasilisha lalamiko kwa NHTSA, mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa magari, na lalamiko husajiliwa kabla ya kuthibitishwa. Wachunguzi hutafuta mfanano kati ya malalamiko, hufungua uchunguzi wa awali, na wakiona jambo lina uzito huupandisha kuwa uchambuzi wa kihandisi. Safari hiyo ni ndefu. Machi 2019 shirika la kutetea watumiaji la Center for Auto Safety liliiomba mamlaka hiyo ichunguze Nissan Rogue za mwaka 2017 na 2018, ambazo wenye magari hayo walidai kuwa breki zake za dharura zinazoamriwa na kompyuta hujifunga ilhali mbele hakuna kizuizi. Septemba mwaka huohuo uchunguzi ulifunguliwa, ukihusu magari zaidi ya 550,000. Februari 2022 ikafuata zamu ya Honda CR-V za 2017 hadi 2019 pamoja na Accord za 2018 na 2019, jumla takriban milioni 1.7, kwa lalamiko la aina hiyohiyo. Uchunguzi huo wa Honda ulipandishwa daraja Aprili 2024, zaidi ya miaka miwili baadaye, na kuyagusa karibu magari milioni 3, lakini hata kupandishwa daraja kwenyewe si amri ya kuyaita magari yarudishwe.

Hata hivyo, anayeyapuuza malalamiko kwa sababu hayajathibitishwa naye anapoteza taarifa nzuri. Walalamikaji wa Rogue walitaja mazingira yanayojirudia: vivuko vya reli, madaraja na maegesho yenye dari ya chini. Mazingira hayo yana vyuma vingi au vitu vilivyo juu ya njia ya gari, na mfanano wa namna hiyo una thamani kubwa kuliko idadi ya walalamikaji.

Dhana: gari likijifunga breki lenyewe, ubovu uko kwenye breki

Breki katika hali hiyo zimefanya kazi yake barabara. Aliyekosea ni aliyezipa amri. Rada iliyofichwa nyuma ya bampa au nembo ya mbele, mara nyingi pamoja na kamera iliyo juu ya kioo cha mbele, huipa kompyuta picha ya kilichopo mbele, na kompyuta ikiitafsiri picha hiyo vibaya hubana breki kwa nguvu ambayo dereva aliye nyuma hakuitarajia. Kufungua magurudumu na kununua pedi mpya hakutabadilisha lolote.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa Nissan Rogue ya kizazi hicho ndiyo ile inayouzwa kwingineko kwa jina la X-Trail, gari lililojaa Dar es Salaam na Nairobi. Uchunguzi wa Marekani ulihusu magari yaliyouzwa huko, kwa hiyo haufai kutumiwa kuihukumu kila X-Trail iliyoletwa kutoka Japani. Ila yapo mambo tunayoyafanya wenyewe ambayo huipotosha mifumo hii ya aina yoyote ya gari: tunafunga ngao ya chuma mbele ya rada, tunajaza bampa lililopasuka kwa fila na kulipaka rangi upya, au tunabadilisha kioo cha mbele kwa fundi wa vioo asiye na kifaa cha kuisawazisha kamera upya. Lalamiko likianza siku chache baada ya kazi ya namna hiyo, pa kuanzia kutafuta pameshajulikana.

Dhana: pedali ikitetemeka na kuunguruma, breki zinakufa

Inategemea imetetemeka wakati gani. Dereva akikanyaga kwa nguvu kwenye lami iliyolowa, akasikia pedali inapigapiga chini ya unyayo pamoja na sauti ya kukwaruza, hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, inayofungua na kufunga vali zake mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu lisijifunge na usukani uendelee kutii. Anachotakiwa kufanya ni kuendelea kukanyaga, si kuachia kwa hofu. Lakini pedali ikipigapiga hivyo kwenye barabara kavu, gari likiwa karibu kusimama na mguu ukiwa mwepesi, sensa ya kasi ya gurudumu inafaa kukaguliwa, kwani uchafu au kutu kidogo hutosha kuidanganya. Vilevile, ABS haifupishi umbali wa kusimama kila mahali. Kwenye changarawe gurudumu lililojifunga hujilundikia kokoto mbele yake zikalisaidia kusimama, na gari lenye ABS linaweza kwenda mbele zaidi.

Dhana: usukani ukitikisika wakati wa kufunga breki, diski zimepinda

Kauli hii imekita mizizi gerejini, na ni nadra kuwa kweli kama inavyosemwa. Mara nyingi diski haijapinda; unene wake ndio umekosa usawa kwa kiasi cha sehemu za mia za milimita, ama kwa kuliwa sehemu moja kuliko nyingine, ama kwa masalia ya pedi yaliyoganda juu yake pale dereva aliposimama na breki za moto huku mguu ukiendelea kubana. Chanzo kingine ni nati za magurudumu zilizokazwa kwa spana ya hewa bila kipimo, hata diski ikakaa upande kidogo na kuanza kuliwa kila inapozunguka. Fundi makini hupima kwa mikromita na geji ya saa kabla ya kutoa hukumu, na husafisha kutu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kabla ya kurudisha diski. Mteja anayeuziwa diski mpya zikafungwa juu ya kutu ileile atarudi baada ya kilomita elfu chache na lalamiko lilelile.

Dhana: mafuta ya breki hayaharibiki, na namba kubwa ya DOT ni bora kwa kila gari

DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki, na mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 4 ni kuchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. SUV nzito iliyojaa watu na mizigo, ikiteremka Kitonga kutoka Iringa kwa breki tupu bila kupunguza gia, inaweza kuyachemsha mafuta yaliyozeeka. Mvuke hubanwa kirahisi, na pedali huzama hadi sakafuni ilhali pedi bado ni nene. Ama DOT 5, hiyo ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine, na haifai kumiminwa katika gari lenye ABS lililoandikiwa DOT 4.

Dhana: gari lililoegeshwa haliwezi kuleta hatari ya breki

Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliyaita magari takriban milioni 3.4 nchini Marekani yarudishwe kutengenezwa, zikiwemo Santa Fe, Tucson, Sorento na Sportage za miaka iliyotangulia, kwa sababu mafuta ya breki yaliweza kuvuja ndani ya kifaa cha ABS, yakaleta shoti na moto hata injini ikiwa imezimwa. Wenye magari walishauriwa kuyaegesha nje, mbali na majengo, hadi yatakapotengenezwa.

Dhana: namba ya chesisi isipoonyesha chochote mtandaoni, gari ni salama

Ukurasa wa NHTSA wa kutafuta kama gari limeitwa lirudishwe husoma namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya namna hiyo. X-Trail ya huko, kwa mfano, inaweza kuwa na NT32, kistari, kisha tarakimu sita. Namba hiyo huingizwa katika kurasa za Kijapani za kampuni iliyoliunda gari, pamoja na kistari chake, na ni vyema ifanyike kabla ya kulipia, wakati muuzaji bado anaweza kulipeleka gari kwa wakala wa huko likarekebishwe bila malipo.