Spishi endemiki ni nini?

Kiumbe huitwa endemiki pale makazi yake ya asili yanapokuwa sehemu moja tu duniani, iwe kisiwa, mlima, msitu au ziwa. Wingi wake ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi huchanganya. Anaweza kujaa tele kwao na akawa endemiki. Anaweza pia kuwa adimu ilhali ametapakaa nchi kumi.

Kwetu Pemba mifano tunayo, ingawa tumeizoea mno hata hatuishangai. Popo wakubwa wanaoning'inia mitini Kidike hawapo penginepo duniani. Kadhalika ndege kama ninga wa Pemba, na chozi wa Pemba. Mkondo unaotutenga na bara una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo viumbe vilivyofika huku vilibaki peke yao muda mrefu, vikabadilika kidogo kidogo. Kima punju, kwa upande wake, ni wa Unguja. Wale wa Ngezi, msitu wa hapa Pemba, waliletwa na watu miaka ya 1970.

Samaki wetu wa chumvi ni vigumu kuwa wa mahali pamoja, maana changu wa Wete na changu wa Tanga bahari yao ni moja. Ziwa ndilo linalofunga. Kwa samaki, ziwa ni kisiwa kilichogeuzwa: maji yamezungukwa na nchi kavu, na hakuna pa kutokea. Tazama Chala, ziwa la kreta (shimo la volkeno) upande wa mashariki wa Kilimanjaro, linalogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Maji yake huingia na kutoka chini ya ardhi. Humo anaishi perege wa Chala, *Oreochromis hunteri*, ambaye kwa asili hana ziwa jingine.

Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ziwani wamepandikizwa perege wa aina nyingine, wanaogombea naye chakula na mahali pa kuzalia. Tena perege wa jenasi moja, yaani spishi za ukoo wa karibu, huweza kuzaana, hivyo asili yake inaweza kupotea hata samaki wakiendelea kuonekana wengi.

Popo wa Pemba walikuwa wamebaki wachache sana mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijiji vilipoamua kuwalinda na uwindaji ukapungua, waliongezeka hadi maelfu. Chala kazi ni ngumu zaidi, kwani wavu hauwezi kumkamata perege mgeni ukamwacha mwenyeji.