Vihisi vya daraja havipigi king'ora
Ukivuka daraja jipya la Jinja, Uganda, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, hukosi abiria wa kusema: "Siku hizi wanazika vihisi, vyombo vidogo vya kupimia, ndani ya zege, daraja likichoka, king'ora kinalia." Sivyo.

Chukua kihisi cha waya. Ndani ya bomba dogo la chuma kuna waya uliokazwa, mfano wa uzi wa adungu, kile kinubi cha Uganda. Sumaku huutikisa, chombo husikiliza mlio. Zege likivutwa, waya hukaza na mlio hupanda, likibanwa, hushuka. Basi. Neno "hatari" hakilijui.

Na mlio hubadilika kila siku bila kosa lolote: joto la zege likipanda nyuzi 10, mita 100 za daraja hurefuka takriban milimita 10. Mhandisi hulinganisha vipimo vya miezi, kiangazi na masika, ndipo atenganishe jua na ufa. Kazi ya kuchosha, kusema kweli.

Tena kihisi hupima pale kilipo tu. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga, njia ya Masaka. Maji yakichimba udongo chini ya msingi, kihisi kilichozikwa juu, barabarani, huenda kisigundue kitu. Huko chini hutumwa chombo kingine, au mpiga mbizi.